Maji ya Wendell

Ofelia aliyajaza yale madumu mwenyewe, tena kwa hasira, kwa sababu safari yenyewe hakuitaka. Aliyapanga jikoni kando ya ukuta, akakaza vifuniko, akaenda zake kulala. Asubuhi alipoinua la kwanza alipeleke garini, nusura aanguke chali. Lilikuwa jepesi, halina kitu. Akainua la pili. Tupu. La tatu, tupu. Vifuniko vimekazwa vile vile, sakafu kavu, na ndani hamna hata tone. Moja tu, lile kuukuu lenye mpini wa buluu, lilikuwa limejaa mpaka shingoni.

"Anselmo! Umemwaga maji?"

"Nimwage maji jangwa hili la Tucson, mwezi wa saba? Umeniona mwehu?"

Anselmo Quijada hakuinua hata uso. Ramani ilikuwa imetandazwa meza nzima, chumvi huku, kikombe cha kahawa kule kuizuia isijikunje, naye ana kalamu nyekundu mkononi, anachora njia ya kupita hifadhi zote za makorongo kule jimbo la Utah: hapa watalala kwenye hema, hapa watashuka bondeni kwa miguu, hapa wataacha lami na kushika barabara ya vumbi. Mwaka mzima yeye huendesha basi la shule, na mtu anayezunguka mitaa ile ile kila siku, kiangazi kikifika, kichwa hakikai mahali.

"Nimekwambia," Ofelia akasema. "Makorongo hayaendwi mwezi huu. Wenye akili zao wanakwenda mwezi wa kumi."

"Na mwezi wa kumi basi la shule ataendesha nani, wewe? Ulipitishe ukutani!"

"Afadhali ukutani kuliko kumkausha mwanangu jangwani."

"Mwanangu, mwanangu! Kwani mimi nilimwokota?"

Ndivyo walivyokuwa wakiongea wale wawili tangu mwezi wa tano. Wakati wakirushiana maneno, binti yao Nayeli, mtoto wa chekechea, aliingia na nguo ya kulalia, akaliinamisha lile dumu la buluu, akajimiminia kikombe akanywa.

"Mama, haya maji yana baridi," akasema.

Yangekuwaje na baridi? Jikoni palikuwa na joto kiasi cha siagi kuyeyuka mezani. Ofelia alilitazama lile dumu kwa mara ya kwanza kwa macho ya kuliona. Ubavuni, chini ya vumbi, palikuwa na maandishi ya wino mzito: WENDELL.

Alilijua jina hilo. Nani katika ukoo alikuwa halijui? Kule makorongoni, watu wanaotembea kwa miguu siku nyingi hutangulia kwa gari, wakafukia madumu ya maji njiani watakapopita, wakaandika majina yao. Asiye mwenyewe hagusi. Hakuna bango linalosema hivyo, wala askari wa kulinda, ila kila mtu anajua. Anselmo naye alijua. Kiangazi kilichopita alikwenda peke yake, akafukua madumu mawili ya huyo Wendell chini ya mti kwenye Korongo la Punda, akanywa akashiba, mengine akanawia uso. Kila walipochoma nyama nyumbani alikisimulia kisa hicho, anainua bia juu: "Wendell ndugu yangu, afya yako!" Wageni wanacheka. Na moja la madumu yale alirudi nalo, eti yeye si mtu wa kutupa taka hifadhini. Hata shetani angeona aibu!

Nayeli akajimiminia kikombe cha pili. Kisha cha tatu.

"Basi, mwanangu, utaumwa tumbo."

"Nina kiu."

Kufika saa sita alikuwa ameshakunywa maji ya kumtosha mtu mzima mwenye kazi nzito, na chooni hakwenda. Midomo ilianza kupasuka. Ofelia akampeleka hospitali mbio. Wakamtundikia dripu, nayo ikaisha upesi mpaka nesi akaukagua mrija akidhani umevuja. Sindano ilimuuma, akalia kwa sauti kubwa, na macho yake yakabaki makavu. Daktari akapima damu, akapima tena. Vipimo vikasema mtoto mzima. Wakarudi naye nyumbani anaomba maji njia nzima.

Siku ya pili nyumba yenyewe ikaanza. Bakuli la mbwa likakauka, mbwa akahamia kwa jirani na kurudi hataki. Maua ya dirishani yakageuka kuwa vumbi. Mtambo wa juu ya paa, ule unaopoza nyumba kwa kupuliza hewa kwenye matandiko yaliyoloweshwa, ukawa unatoa upepo wa moto wenye harufu ya mawe yaliyoshinda juani, na ndani ya harufu hiyo kuna nyingine ya chini chini, ya jasho la mtu ambaye hajaoga siku nyingi. Na mchana ule, mapazia yameshushwa, mtaa mzima umenyamaza kwa joto, Ofelia akiwa amekaa kitandani anamlowesha mwanawe midomo kwa kitambaa, akasikia jikoni mtu anakunywa maji, si kunywa kwa kawaida bali kwa pupa, funda juu ya funda, koo linagonga, anavuta pumzi kwa nguvu kisha anaendelea, anaendelea, na Ofelia akijua fika kwamba Anselmo yuko uani nyuma ya nyumba, maana anamwona dirishani, akajikuta hawezi kuinuka wala kupiga kelele, akawa anayahesabu yale mafunda moyoni, mpaka yakakoma ghafla, na nyayo zikaanza kuja kwenye ukumbi, taratibu, za mtu anayeburuta mguu, zikasimama mlangoni.

Nayeli akageuza shingo kuelekea mlangoni. Hapakuwa na mtu. "Amesema bado," mtoto akanong'ona.

Hapo Ofelia akampigia simu Doña Eufrasia.

Doña Eufrasia, bibi anayeheshimiwa na wote, ana saluni mtaa wa nyuma. Anakata nywele, anapaka rangi, na ukimwita hutibu waliopatwa na vitu ambavyo hospitalini havina dawa. Ni mwanamke mkali, hana salamu ndefu. Aliingia na yai bichi mfukoni, akamvua Nayeli blauzi, akampitishia yai utosini, kifuani, tumboni, mpaka nyayoni, huku akisali midomo ikichezacheza. Kisha akalipasua juu ya glasi.

Hakikutoka kiini wala ute. Ulimiminika mchanga mwekundu, mkavu, ukajaza glasi nusu.

"Mama yangu wee!" Ofelia akashika mdomo.

"Nani kanywa maji ya mtu humu?" Doña Eufrasia akauliza.

Anselmo anatazama viatu vyake.

"Nimeuliza, au nimekuja kuwasuka?"

"Huyu," Ofelia akasema. "Mwaka jana. Maji ya mtu anaitwa Wendell."

"Na Wendell yuko wapi?"

Anselmo alimeza mate. Alikuwa nayo bado, ya kumeza. "Alikufa," akasema polepole. "Walimkuta pale chini ya mti, kucha zimeng'oka kwa kuchimba. Nilisikia redioni."

"Ulijua?" Ofelia hakuamini masikio yake. "Ulijua, na bado ukawa unainua bia?"

"Sasa ningefanya nini? Niende polisi niwaambie nimekunywa maji? Wangesema nimemuua!"

"Si umemuua!"

Kofi la Ofelia lilimpata shavuni. Anselmo hakujitetea.

"Mtagombana baadaye," Doña Eufrasia akasema. "Huyu marehemu hakuja kutafuta maji, maji ya nyumba nzima ameyamaliza na hajashiba. Amekuja kudai yake. Jaza madumu mawili, yapeleke pale pale ulipoyatoa, umwite kwa jina lake. Nenda peke yako. Na unisikie vizuri, Anselmo. Ukionja hata funda moja, usijisumbue kurudi, maana mtoto hutamkuta."

Anselmo aliondoka jioni ile ile. Ile ramani aliyoichora miezi miwili aliichukua, ila njia aliyoifuata sasa ilikuwa moja tu. Gari alilijaza maji yake mwenyewe, chupa kwa chupa, na yale madumu mawili akayafunga mkanda kwenye kiti cha mbele. Alimbusu Nayeli kwenye paji la uso. Ofelia hakumpa mkono. Bado alikuwa anamchukia, na hakuona sababu ya kuficha.

Simu ililia kesho yake, jua la utosi.

"Ofelia." Sauti ilikuwa kama ya mzee. "Gari limezama mchangani. Nimetembea. Mti nauona, hauko mbali."

"Basi fika!"

"Maji yangu yamekauka. Yote. Vifuniko nilikuwa sijavigusa." Alikuwa anahema. "Yamebaki haya mawili tu. Ofelia, ulimi wangu umevimba. Niambie. Nikinywa kidogo tu, kidogo sana, nipate nguvu ya kumalizia..."

Nayeli alikuwa amelala mapajani mwa mama yake. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imejikunja, ukiifinya inabaki imesimama. Hakuwa akiomba maji tena tangu asubuhi, na hilo ndilo lililomtisha Ofelia kuliko yote. Akamtazama mtoto. Akafikiria miaka waliyoishi na huyu mwanamume, mabaya yake na mazuri yake, akaona jinsi ilivyo rahisi kusema neno moja.

"Usinywe," akasema.

Upande wa pili, upepo tu.

"Anselmo, umenisikia? Nawaita waokoaji sasa hivi. Kaa kivulini. Usinywe."

"Sawa," Anselmo akasema. Kisha, kwa sauti nyingine, ya mtu aliyeacha kubishana, "Mbusu mtoto."

Akamsikia anatembea, anajikwaa, anainuka. Akamsikia anaita: Wendell, Wendell. Halafu Ofelia akasikia kile alichokisikia jikoni, funda juu ya funda, koo linagonga, pupa ya mtu aliyesubiri mwaka mzima.

"Anselmo!" akapiga kelele. "Unakunywa? Mwanaharamu wee, unakunywa?"

"Si mimi," Anselmo akanong'ona. "Ofelia, si mimi. Amekaa hapa karibu yangu."

Simu ikakatika. Ofelia akawapigia waokoaji, akawatajia Korongo la Punda mara mbili, kisha simu ikamponyoka. Alipoinama kuiokota alihisi mapaja yake yamelowa. Nayeli alikuwa amejikojolea. Kwapa zake zilikuwa na jasho, pua inatiririka, na ulimi ulio majimaji ukapita kwenye midomo.

"Mama," akasema, "Baba yuko wapi?"

Waokoaji walimkuta Anselmo kesho yake chini ya mti, amekaa, madumu mawili makavu miguuni mwake na vifuniko vimekazwa. Daktari wa huko aliandika kwamba ameuawa na kiu. Siku ya mazishi Nayeli alilia tangu kanisani hadi kaburini, akalia mpaka kola ya gauni lake jeusi ikalowa chapachapa. Shangazi zake walimbembeleza anyamaze, wakampa peremende, wakamwambia baba anamwona. Ofelia aliwaondoa mmoja mmoja kwa kiwiko. Alimpakata, akamwacha alie apendavyo, na hakumfuta machozi hata mara moja.