Shati Lililokataa Kukauka

Shati lilikataa kukauka. Wambeti alilianika kwenye ua Jumatatu, jua la Embu likiwaka, na Jumatano bado lilikuwa likidondosha maji. Aliyaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa ya chumvi.

Lilikuwa shati dogo la buluu, na alilitoa Mombasa. Mama Jaya, mke wa Mhindi mwenye duka mjini Embu, ambaye Wambeti alikuwa yaya nyumbani kwake, alikwenda kuzuru mahekalu ya dini yake, akamwombea kibali cha kusafiri, jambo gumu wakati ule wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni. Njiani alimgawia chakula chake mwenyewe. Wambeti aliona masanamu yaliyovishwa maua, akaona ngome kuu ya mawe, akakanyaga mchanga wa bahari akacheka kama mtoto. Kisha, Mama Jaya akiwa bado anasali, akaingia peke yake katika pango kando ya ufuo. Humo ndani mlikuwa na vitambaa vyekundu, chetezo cha ubani, na shati hilo, limekunjwa.

Kwao Embu nguo za marehemu zilitupwa porini, wala hakuna aliyezigusa. Lakini hili lilikuwa jipya. Si la maiti, alijiambia, mtu amelisahau. Akamkumbuka mwanawe Njuki, aliyevaa gunia tangu nyumba yao ichomwe na askari, wakahamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki. Akalificha kifuani. Njuki alilivaa Jumapili moja tu, kanisani.

Jumatano hiyo, alipotoka kazini, mama mkwe wake Cicily alimvuta kando.

"Wambeti, yule mtoto mwingine ni wa nani?"

"Mtoto gani, mama?"

"Yule aliyelowa. Anashinda hapo jikoni na Njuki. Nimempa uji, hanywi. Nikamwambia, 'Kwani wewe ni chura?' Hata hakucheka."

Karibu na mafiga palikuwa na nyayo ndogo za maji, na ndani ya kila unyayo mchanga mweupe. Harufu ya ubani ilijaa chumba, ingawa hakuna aliyefukiza kitu, na Wambeti alipomgusa Njuki alimkuta anachomeka kwa homa, macho yameelekea pembeni pasipo na mtu, mkono umenyooshwa kana kwamba kuna mwenzake anayemvuta, anamvuta polepole, na hataki kumwachia.

Asubuhi alimbeba mpaka msikiti mdogo wa mjini, kwa shehe mmoja mzaliwa wa pwani. Shehe alisikiliza habari ya pango na ya mtoto aliyelowa, akalinusa shati, akalirudisha upesi.

"Hii ni nadhiri, binti yangu. Kuna mama ana mtoto mgonjwa. Amempa jini wa pangoni shati, amwachie mtoto. Wewe umelichukua."

"Sikujua, baba."

"Najua hukujua. Lirudi lilipotoka, na huyu wako atapona."

"Na wa yule mama?"

Shehe alimfunika Njuki vizuri kwa kanga ya mama yake.

"Anayeonekana jikoni kwako," alisema, "unadhani ni nani?"

Kibali cha pili hakikupatikana. Wambeti alipiga magoti jikoni kwa Mama Jaya akaungama yote, akisubiri kufukuzwa.

"Inuka," Mama Jaya alimwambia. "Mimi pia nina watoto. Nitalipeleka mwenyewe."

Siku Mama Jaya alipoliweka pangoni, homa ya Njuki ilishuka. Aliomba uji, akamaliza kibuyu kizima. Cicily aliimba wimbo wa kanisa. Wambeti pia aliimba, mpaka jioni, mama mkwe wake alipomnong'oneza:

"Yule mwingine amerudi. Sasa hana nguo. Anatetemeka, maskini."

Wambeti hakumwona. Aliona maji tu yakienea sakafuni kuelekea motoni, kama ya mtu anayesogea kuota moto. Hakwenda tena kwa shehe. Angemfukuzaje mtoto ambaye mama yake alifanya kila lililowezekana, na yeye, mama mwenzake, akamharibia? Alichukua mfuko mtupu wa unga, wa kitambaa, akaufua, akaukata, akashona shati dogo kwa mkono, kola na vifungo viwili. Akaliweka karibu na mafiga.

Asubuhi alilikuta limelowa, na vifungo vimefungwa. Akalianika uani.

Siku ya tatu, jua likiwaka, bado lilikuwa likidondosha maji.