Mtani kutoka Nchi ya Baridi

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Jua lilikuwa kali. Feri ilitoka Suva, mji wetu mkuu hapa Fiji, ikiwa imechelewa kama kawaida yake, sitaha imejaa magunia ya unga, watoto, madumu ya mafuta, na nguruwe mmoja aliyefungwa miguu akilalamika kuliko abiria wote. Mimi na mama yangu mdogo, Unaisi, tulitandika mkeka wetu upande wa kivuli.

Alikuwa anarudi kijijini Delaikovi kuzuia matanga ya mwanawe.

Ilaitia alikuwa baharia kwenye meli ya kigeni ya uvuvi, kusini kabisa, huko bahari inakoota barafu. Msimu wa mvua ilikuja simu: ameanguka majini, hakuonekana tena. Nani alimwona akianguka? Hakuna. Alifikaje ukingoni? Hakuna ajuaye. Sasa kaka zake mama mdogo walikuwa wamepanga kumaliza msiba Jumamosi, na yeye alikuwa ameapa kusimama mlangoni.

"Watamlilia nani?" aliniambia tukipanda feri. "Mwanangu hajafa. Amechelewa."

Kila jioni alikuwa bado anampakulia chakula.

Karibu nasi mzee mmoja aliweka bakuli la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, katikati ya mikeka, na watu wakasogea, kama watu wanavyosogea. Alijiita Sefanaia, askari mstaafu aliyelinda amani Lebanoni. Kuliani kwake alikaa mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, Vasemaca, aliyetunza wazee Kanada miaka mingi. Kifuu kikazunguka. Tukapiga makofi, tukanywa, na mashindano yakaanza: nani ameishi kwenye nchi yenye baridi zaidi.

"Mlimani kule Lebanoni," alisema Sefanaia, "masharubu yangu yaliganda. Nikicheka, yanakatika."

"Masharubu yapi, mjomba?" Vasemaca akamdaka. "Hayo matatu, au uliazima ya jeshi?"

Tuliangua kicheko. Hata mama mdogo alitazama chini haraka, kama mtu anayeficha kitu mdomoni.

"Kanada nilivaa soksi mbili mbili," aliendelea Vasemaca. "Nilitembea kama bata. Bibi niliyemtunza ana miaka tisini, akawa ananishika mkono mimi nisianguke!"

"Huko ni joto," ilisema sauti nyuma yetu. "Ninapokaa mimi ndiko kwenye baridi."

Tuligeuka. Kijana mrefu, kofia ya sufu hadi masikioni, suruali ya mpira ya wavuvi. Sikumwona akipanda. Aliketi ukingoni mwa mkeka, mgongo kwenye chuma cha ukingo wa feri, bila kungoja kukaribishwa.

"Mtoto wa wapi wewe?" aliuliza Sefanaia.

"Nasaudra."

Vasemaca akapiga paja. "Na huyu mama ni wa Delaikovi! Haya, watani mmekutana, tushike mbavu zetu."

Kwetu utani ni wa vijiji, mababu walishaupanga. Mtu wa Nasaudra akikutana na mtu wa Delaikovi, hata kama ni upande wa pili wa dunia, atamtukana, atamvua kofia aivae yeye, atamwomba chochote. Mtani hanyimwi. Wala hakasirikiwi.

"Nasikia Delaikovi mlimbadilisha chifu wenu kwa sufuria ya supu," alisema kijana.

Mama mdogo alimkazia macho. Halafu damu ya kwao ikamshinda. "Na supu yenyewe mliila ninyi, na chifu mkamrudisha. Alikuwa mgumu kutafuna."

Sitaha nzima ilicheka. Kijana naye alicheka, na hapo nikaona pumzi yake. Ilitoka mdomoni nyeupe, kama mvuke, katikati ya jua la mchana.

Tulimjazia kifuu kingine. Alipiga makofi kwa adabu kabla ya kupokea. Mikono yake ilikutana vizuri kabisa. Haikutoa sauti.

"Haya tuambie nchi yako," alisema Vasemaca. "Watu wa huko wakoje?"

"Wa kila taifa. Wafilipino, Wakorea, Waindonesia. Sisi Wafiji tupo."

"Viza je? Maana Kanada walinihoji kama mwizi."

"Hawaulizi viza. Hawajawahi kumkatalia mtu."

"Niandikie barua ya mwaliko basi! Na chakula? Mnakula nini huko?"

"Hatuli," alisema kijana, akitabasamu. "Tunaliwa."

Vasemaca alicheka peke yake. Kisha akaacha. Mkeka chini ya kijana ulikuwa umeanza kuwa mweusi kwa maji.

"Jua lipo?" mama mdogo aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Halifiki, mama. Ni mbali sana chini."

 Nguruwe aliacha kulalamika.

"Melini nilikuwa na mtani mmoja," kijana alisema taratibu. "Wa Delaikovi. Mcheshi, mama. Tulikuwa tunatukanana kutwa nzima, mpaka nahodha akadhani tunachukiana. Siku ile wimbi lilinichukua mimi. Mimi kwanza. Yeye alikuwa ameshika chuma, yuko salama. Nikamwita. Nikamwambia, mtani, nipe mkono."

Kifuu cha mzunguko kilikuwa kwa mama mdogo; alikikaza mikononi.

"Akanipa," alisema kijana.

Upepo ulipita. Sikusikia injini.

"Ukamvuta," alinong'ona mama mdogo.

"Niliogopa. Sikujua kuachia."

Nilitaka amtukane. Nilitaka apige kelele, amkwaruze uso. Alikaa tu, machozi yakimshuka bila kwikwi, na hatimaye akaweka kifuu chini.

"Sikukasirikii," alisema. "Wewe ni mtani. Uliomba, akakupa. Nilimlea vizuri. Lakini na mimi nina haki yangu. Nataka kitu chako."

"Sina kitu, mama."

"Mkono uliomshika. Nipe."

Tabasamu lilimtoka kijana. "Huo usiutake."

"Nimeuomba."

Mtani hanyimwi. Aliunyoosha polepole, kama mtu anayelipa kwa uchungu. Mama mdogo akaushika kwa mkono wake wa kulia.

Alianza kuteleza.

Alikuwa ameketi, mkeka chini yake mkavu, feri imetulia. Kijana hakumvuta. Hakusogea hata kidogo. Lakini mama mdogo aliteleza kuelekea ukingo wa feri, mkono mbele, uso umeng'aa. Nikamrukia kiunoni. Baridi ilipita mwilini mwake ikaingia mwilini mwangu, meno yakagongana. Sefanaia akanishika mimi. Vasemaca akamshika Sefanaia. Sote tukaanza kuteleza.

"Mama mdogo, achia!"

"Yupo," alisema. "Yuko nyuma yake. Nimemgusa."

"Achia!"

"Nimemgusa, mwanangu. Nimemgusa."

Kifua chake kiligonga chuma cha ukingo. Kichwa na mabega yalishatokeza nje, juu ya maji. Mikono yangu ilikufa ganzi. Nilijua siwezi tena.

Kijana aliinama karibu na sikio lake.

"Yeye sikumwachia," alinong'ona. "Wewe nakuachia."

Akafungua vidole. Kimoja. Kingine. Kingine.

Tulianguka nyuma wote kwa pamoja, tukilaliana. Tulipoinua vichwa, mahali pake palikuwa na maji tu. Kifuu chake kilikuwa palepale, kimejaa, hakuonja hata tone. Vasemaca alikigusa kwa ncha ya kidole na kurudisha mkono haraka. Yeye ndiye aliyeishi Kanada. Yeye ndiye aliyejua anachokiona.

"Barafu," alisema.

Hakuna aliyekunywa tena siku ile.

Gatini Delaikovi wajomba zangu walikuwa wamejipanga, nyuso zimekunjwa, tayari kwa ugomvi. Mama mdogo alishuka akiwa ameuficha mkono wa kulia ndani ya nguo. Aliwapita mpaka kwa yule mkubwa, akaweka kipaji cha uso wake kifuani pake.

"Pigeni ngoma ya msiba," alisema. "Mwanangu amefariki."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, na wajomba, waliokuja kugombana, walikaa chini mchangani palepale wakalia naye.

Jumamosi msiba uliisha. Usiku ule hakupakua chakula cha mtu ambaye hayupo.

Ni miaka sasa. Mkono wake wa kulia haujapona. Ngozi ya vidole imekunjamana, nyeupe, kama ya mtu aliyefua tangu alfajiri. Wameupaka mafuta, wameufunga majani, daktari ameupiga picha. Haukauki.

Isipokuwa kidole cha shahada. Hicho kina pete ya ngozi kavu, laini, yenye joto, kama kuna kitu kimekizunguka kikazuia maji yasiingie. Nimeipima pete hiyo kwa vidole vyangu akiwa amelala. Upana wake si wa mkono wa mtu mzima.

Ni upana wa ngumi ya mtoto anayejifunza kusimama, amekishika kidole cha mama yake.