Mgeni Katika Mkono wa Sindano

Mpira wa kwanza ambao Sindano aliutumbukiza shimoni baada ya miaka tisa haukutoa mlio wowote. Aliuona ukienda, mwekundu, umenyooka kama uzi uliovutwa, ukazama kwenye shimo la kona. Akasubiri ule mngurumo wa mpira unaoviringika ndani ya tumbo la meza ya pool. Kimya. Akainama kuchungulia chini, kwenye droo ambako mipira hukusanyika. Mpira ulikuwemo, umetulia tuli, kana kwamba kuna mtu aliyeupokea na kuuweka taratibu.

"Meza mbovu hii," alisema.

"Mbovu wapi? Nimeitengeneza juzi juzi tu," akajibu Kocha, mwenye ukumbi, bila kuinuka kwenye kaunta. "Piga tena, binti yangu. Nimekungoja mpaka mvi zimeota masikioni."

Alipiga tena. Safari hii mlio ulikuja, ila ulikuja umechelewa, baada ya yeye kuwa ameshapaka chaki na kuhamia upande wa pili. Sindano hakushangaa. Siku hizo hakuwa anashangazwa na kitu.

Zamani, katika ukumbi huohuo ulio juu ya duka la matairi, alikuwa bingwa wa mji mara mbili. Jina la Sindano walimpa wachezaji wenzake kwa jinsi alivyokuwa akipitisha mpira pale ambapo wengine hawakuona hata upenyo. Kisha mama yake akapooza. Sindano alitia fimbo yake kwenye mfuko, akaisukuma chini ya kitanda cha mama, akasema atarudi wiki inayofuata. Wiki hiyo ikawa miaka tisa ya kugeuza, kuosha, kulisha kwa kijiko na kubadilisha mashuka. Mama alifariki. Watu walipokuja msibani, Sindano alipanga viti, akagawa maji, akawasindikiza wageni hadi mlangoni. Hakutoa hata chozi moja. Walimsifu kwamba amejikaza. Hakuwa amejikaza hata kidogo. Alijipekua ndani akakuta pamefagiliwa, pakavu, hapana cha kukazia.

Miezi mitano baadaye Kocha alimwomba aingie tena kwenye mashindano ya ubingwa. Sindano alitafuta sababu ya kukataa, akaikosa, akakubali.

Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, dhidi ya dereva mmoja wa lori, mtu mnene mwenye utani mwingi. Kabla gemu ya tatu haijaisha, utani ulikuwa umemkauka. Sindano alikuwa haoni hata haja ya kulenga. Mkono wake wa kulia ulitangulia, jicho likafuata nyuma, na mipira ikaingia mmoja baada ya mwingine. Hewani palitanda harufu ya dawa ya kuchua, na chini yake harufu ya godoro lililolowa likakosa jua.

"Dada," dereva alinong'ona, amemsogelea kama mtu mwenye siri, "mwambie huyo aliyesimama nyuma yako asogee. Anapumua kwa nguvu, ananivuruga."

Nyuma ya Sindano palikuwa na ukuta.

"Hakuna mtu," alisema.

Dereva alitazama ukuta, akamtazama yeye, akatia fimbo yake kwenye mfuko wake ingawa gemu mbili zilikuwa bado. Alishuka ngazi bila kuaga.

Siku za kazi Sindano alikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha dobi kilichofua mashuka ya mahoteli. Jumatano iliyofuata, katikati ya mvuke na kelele za mashine, mwenzake wa meza ya jirani alinusa nyama inayoungua.

"We! Mkono! Mkono wako, jamani!"

Sindano aliteremsha macho. Pasi ilikuwa imekalia mgongo wa mkono wake wa kulia, na mkono ulikuwa umetulia chini yake. Akaiinua. Akayatazama malengelenge yakifura kama anavyotazama mtu maziwa yanayochemka kwenye jiko la jirani.

"Huumwi?" mwenzake aliuliza, viganja mdomoni.

"Siumwi."

Nyumbani, mdogo wake alimfunga bandeji. Huyu mdogo wake alikuwa akiishi mbali miaka yote ya ugonjwa. Alikuja kuzika, akabaki, akahamia chumba cha mama. Hakumuuliza dada yake mengi. Alijua hana haki ya kuuliza.

Jumapili, siku moja baada ya dada yake kushinda nusu fainali, mdogo mtu alijinyoosha kitandani baada ya chakula cha mchana, usingizi ukamchukua. Kilichomwamsha ni sauti ndogo, shwii, shwii, kama kitambaa kinachosuguliwa juu ya mbao, na pamoja nayo ile harufu ya dawa ya kuchua ambayo alidhani waliitupa pamoja na godoro, na alipofumbua macho aliona kwanza mwanga wa dirishani, kisha kitu cheusi cha mviringo kilichokaribia mno hata hakukitambua, kikija na kurudi, kikija na kurudi, na ikamchukua muda kuelewa kwamba ni ncha ya fimbo, kwamba iko kati ya nyusi zake, kwamba nyuma ya fimbo ameinama dada yake, kidevu kikigusa mti, bandeji imelegea mkononi, macho yamefumbwa kabisa kama ya mtu aliyelala.

"Dada," alisema, pumzi tu bila sauti. "Dada, ni mimi."

Fimbo ilisimama. Sindano alifumbua macho.

"Najua ni wewe," alisema. Akaenda kuosha vyombo.

Kesho yake mdogo mtu alimshika mkono wa kushoto, akampeleka kwa fundi miwani. Mwanamke huyo alikuwa na kibanda chenye vijisukurubu visivyoonekana kwa macho na vioo vya kila namna, lakini walio na shida kubwa zaidi ya macho walijua wapitie mlango wa nyuma. Hakufukiza kitu wala hakupiga ngoma. Aliufungua mkono wa Sindano, akavaa miwani moja juu ya nyingine, akauinamia kwa muda mrefu. Kisha akauuliza mkono, siyo mwenye mkono:

"Umeingilia wapi?"

Kinywa cha Sindano kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ya taratibu, kama ya mgonjwa anayeomba maji.

"Nilikuwa chini ya kitanda. Nilikaa na fimbo yake. Siku moja alipiga magoti sakafuni, akasema, yeyote anayesikia aniondolee uchungu huu, siuwezi tena. Mimi nilisikia. Nikauondoa. Nimekuwa nikiula tangu siku hiyo."

Mdogo mtu alianza kulia chinichini. Sindano mwenyewe alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. Ndiyo, alikumbuka. Alikuwa amepiga magoti hivyo, na beseni pembeni.

"Na mkono?" fundi aliuliza.

"Ameuacha wazi. Nimependa mchezo."

"Na huyu mdogo wake amekukosea nini?"

"Uchungu wa mama umekwisha. Nimebaki na njaa. Huyu akifa, utapatikana uchungu mwingine."

Fundi miwani alivua miwani zote mbili, akazifuta kwa upindo wa khanga ingawa hazikuwa na vumbi. Alipozungumza alinong'ona.

"Mwanangu, huyu hakuvamia. Alikaribishwa, na aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa. Sina dawa. Mwambie akurudishie. Lakini usidanganyike; atakurudishia chote alichochukua, na kwa mkupuo mmoja."

Sindano aliutazama mkono wake.

"Fainali ni Jumamosi," alisema. "Tuone baada ya hapo."

"Dada!"

"Nashinda," alisema Sindano. "Sasa mnataka nishike nini kingine?"

Hakulisema kwa hasira. Ndiyo maana mdogo wake aliogopa zaidi.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mpinzani wake alikuwa mwalimu wa hesabu, kijana mtulivu aliyepima kila pembe kwa macho kabla ya kuinama. Alicheza vizuri. Hata hivyo, hadi jua lilipoanza kuingia kwa madirisha ya upande wa pili, walikuwa gemu nne kwa tatu, Sindano akiongoza, na alibakiza mpira mweusi wa mwisho peke yake. Ulikaa mdomoni mwa shimo la kona. Mtoto anayejifunza angeuingiza. Kocha alishaanza kupiga makofi.

Hapo Sindano alimwona mdogo wake. Alikuwa amejipenyeza hadi mbele, amekaa kwenye benchi la upande wa pili wa meza, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Alikuja hata hivyo. Alikuwa hatua tatu kutoka ukingoni.

Sindano aliinama kumaliza gemu, na akaona kwamba mkono wake wa kulia hauendi kwenye mpira mweusi. Mkono ulikuwa unainua kitako cha fimbo, juu, juu zaidi, ukielekeza ncha chini ya mpira mweupe, na yeye aliyecheza miaka mingi alilijua pigo hilo, alijua kwamba mpira uliopigwa hivyo huruka kutoka mezani kama jiwe la kombeo, akafuata kwa jicho mstari kutoka mpira hadi kwenye nafasi iliyo kati ya nyusi za mdogo wake, na ukumbi ulikuwa umebana pumzi, na nyuma ya shingo yake kitu kilipumua polepole, pumzi ya maji maji yenye dawa ya kuchua, na fimbo ikaanza kwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, na Sindano alijitafuta ndani, chumba kwa chumba, akitafuta hofu, akitafuta mapenzi, chochote cha kumsukuma, asipate hata chembe.

Alijua tu. Kama anavyojua mtu anwani ya nyumba yake, alijua kwamba yule pale ni mdogo wake, wa tumbo moja, na kwamba mpira ule usimfikie.

Akakamata fimbo kwa mkono wa kushoto.

"Nirudishie," alisema.

Mkono wa kulia ukavuta. Ulikuwa na nguvu isiyokuwa yake. Walio karibu walisimulia baadaye kwamba walisikia mti ukilia, na kwamba mwanamke alikuwa aking'ang'ana na yeye mwenyewe.

"Nirudishie changu! Chote!"

Fimbo ilivunjika. Taa zote za juu ya meza zilitikisika kwa wakati mmoja, kila dirisha likajibamiza, na kitu kilipita katikati ya watu, kizito, chenye unyevu, kikashuka ngazi. Waliosimama ngazini walibanana ukutani kukipisha bila kujua wanakipisha nini.

Kisha Sindano alipiga yowe. Alipiga yowe kwa mkono ulioungua, akaanguka magotini, akaendelea kupiga yowe kwa mengine yaliyokuja nyuma yake, yakifuatana, yakikanyagana, miaka tisa yote na msiba juu. Mdogo wake aliruka benchi, akamkumbatia pale sakafuni. Mwalimu wa hesabu aliweka fimbo yake chini. Kocha, asijue la kufanya, aliwatoa watu nje mmoja mmoja, na hakuna aliyekumbuka kuuliza bingwa ni nani.

Ilipita wiki nzima kabla Sindano hajaweza kukaa wima bila kulia. Siku hiyo asubuhi mdogo wake alileta maji ya vuguvugu na bandeji mpya, akaanza kufungua ile ya zamani. Ilikuwa imegandamana na ngozi.

"Inauma?"

"Inauma."

"Niache kidogo?"

"Usiache."

Mdogo mtu aliendelea, kidogo kidogo, akilowesha. Sindano aliuma meno. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Alipozungumza alikuwa anatazama ukuta.

"Siku ile ya mwisho aliniomba nimgeuzie dirishani. Nikamwambia, ngoja, mama, nimalize kuanika mashuka."

Mdogo wake alilowesha tena bandeji.

"Nilianika yote," Sindano alisema. "Nikanyoosha hadi pembe. Niliporudi, alikuwa ameshakwenda."

Mdogo wake alikamua kitambaa, akaulaza ule mkono pajani pake, akaanza kuufunga.