Vidole vya Waceke Mlangoni

Nilitoka dakika kumi tu, kununua makaa. Ilikuwa Julai, na baridi ya Gitothua ilikuwa inaingia hadi kwenye mifupa. Kui wangu, miezi minane, nilimlaza, nikafunga mlango kwa kufuli. Ndiyo, nilimwacha peke yake. Hiyo ni aibu ya kwanza, na ndiyo ndogo.

Giza lilikuwa linaingia niliposukuma geti la ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Harufu ya Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, ilinipiga puani. Kisha nikasikia...

Ko. Ko. Ko.

Mtu alikuwa ameinama mlangoni pangu, pua kwenye ufa. Alikuwa ananusa. Vidole vyake viligonga komeo polepole huku akinong'ona.

"Moja... mbili..."

Alikuwa Waceke wa chumba namba sita, mshonaji wa sare za shule, mpole, asiyewahi kumwomba mtu hata chumvi. Mikono yake ilikuwa imechubuka, myekundu, inanuka Jik.

"Waceke! Unafanya nini kwa mlango wangu?"

Hakugeuka.

"Ngoja, Mama Kui. Ukinikatiza naanza upya."

"Nimekuuliza unafanya nini!"

"Nisipogusa, mtoto wako atakufa."

Makaa yaliniponyoka.

Nilimsukuma, nikafungua kufuli. Kui alikuwa amelala, anapumua vizuri. Nikajifungia ndani naye. Nje, vidole vikarudi.

Ko. Ko. Ko.

Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Kabla ya ugali kuiva, ploti nzima ilikuwa inajua. Kila mtu akakumbuka lake: huyu kuku wake waliokufa, yule mimba yake iliyotoka. Jumapili tulisimama mlangoni pa Waceke, sisi akina mama wa fellowship, kikundi chetu cha maombi, tukikemea pepo. Nani alileta mafuta ya upako? Mimi. Nani aliyamwaga juu ya ile mikono iliyochubuka? Mimi. Waceke hakulia. Alitazama milango yetu mmoja mmoja, akihesabu. Kufikia Jumamosi iliyofuata alikuwa ameshafukuzwa kwenye ploti.

Kaka yake, Gachau, alikuja kuchukua cherehani. Nilimpelekea chai. Nitasema ukweli, nilifuata umbea.

"Mama Kui, kwani hamngeniuliza?" alisema. "Dadangu ni mgonjwa. Anapata wazo kwamba moshi wa jiko umeua mtoto wa mtu. Akigusa mlango anatulia kidogo, halafu wazo linarudi na nguvu zaidi. Anajua si kweli. Lakini mkono haumsikii."

"Nani alimroga?" nilinong'ona.

"Hakuna! Daktari wa Thika alisema ni ubongo. Hata cucu, nyanya yetu, alikuwa hivyo. Daktari alimpa Waceke dawa, na akamfundisha kuacha wazo lipige kelele bila kulijibu. Alikuwa ametoka kugusa mara arobaini kwa jioni, akafika mara tatu."

Akatazama kikombe.

"Sasa yuko wodini huko Thika. Ananawa kutwa. Anasema kuna mafuta hayatoki."

Niliona aibu. Gachau aliniandikia namba ya daktari kwenye karatasi, eti niwaonyeshe wenzangu waelewe. Sikuwaonyesha. Ningewaambiaje nilichofanya?

Hizo ni wiki tatu zilizopita. Waceke yuko Thika, nimeuliza. Namba sita ni tupu. Lakini kila jioni nikiingiza jiko, harufu ya Jik hupita chini ya mlango. Halafu...

Ko. Ko. Ko.

Tatu tu. Nikifungua, hakuna mtu.

Basi natoka, nalitoa jiko nje, nanusa ufa wa mlango, nagusa komeo, ndipo moyo unatulia. Mara moja ilikuwa inatosha. Jana nilifika mara kumi na moja. Namba ya daktari iko chini ya godoro, nimeikariri. Sijaipiga, wala sijamwambia mtu.

Najua kile ploti yetu humfanyia mwanamke anayegusa mlango jioni.