Nyeupe ya Bwawa la Mbweni

Tahir alizijua rangi za taa zake kama mtu anavyowajua watoto wa mtaani kwake: nani mkorofi, nani mwongo, nani hujificha mchana. Ziko kumi na sita kwenye rimoti, na kila mwenye hoteli akiziona kumi na sita hudhani ameuziwa upinde wa mvua mzima. Wapi! Taa ya kuzamishwa bwawani ina vijitaa vitatu tu ndani yake, chekundu, cha kijani na cha buluu, na zilizobaki zote ni michanganyo. Njano yake imeegemea ukijani. Nyekundu huchoka haraka ndani ya maji, hatua nne tu ishazimia. Mchana wa jua zote ni kazi bure. Na kahawia haitoki kabisa, hata ubonyeze mpaka kidole kiote sugu, kwa sababu kahawia inataka giza ndani yake, na taa haitoi giza.

Ndiyo maana Jumapili ile, jua likizama, alipoiona taa ya pili ya bwawa la Bi Shahida kule Mbweni imewaka kahawia, hakuogopa. Alikasirika, kama mpishi aliyekuta kijiti ndani ya biriani yake.

Bi Shahida ana nyumba ya wageni ya vyumba tisa, na jioni hiyo wageni wake wawili walikuwa wametoka kwenda kula mjini. Kando ya bwawa walikuwako Tahir na mkewe Rahila, ambaye ndiye mfuaji wa mashuka na mataulo ya nyumba hiyo. Tahir alikuwa amempa rimoti abonyeze, yeye akague taa moja moja. Akamuuliza amebonyeza nini. Rahila akasema amebonyeza buluu, na kama fundi ameshindwa na taa zake aseme, wamwite fundi mwingine. Mdomo huo ndio uliomfanya Tahir amuoe. Miaka sita wako chumba kimoja pale Jang'ombe, na hakuna siku iliyopita bila Rahila kumpiga kijembe. Wakati mmoja alipopata homa akanyamaza siku mbili, Tahir ndiye aliyekosa usingizi.

Rangi ile haikuenea majini kama zinavyoenea nyingine. Ilikaa mbele ya kioo cha taa, nzito, kama hina iliyokolea, na maji ya pembeni yake yalikuwa meusi. Harufu ya dawa ya maji ilikuwa imekatika, na badala yake ilikuja harufu ya mtungi mpya uliotiwa maji kwa mara ya kwanza. Rahila alikuwa na hina mikononi, ya harusi ya binamu yake.

"Tia mkono karibu na taa, nilinganishe," Tahir alimwambia. Neno hilo atalijutia mpaka anaingia kaburini.

Rahila akamkumbusha kuwa magharibi hii watu hawachezi na maji, hata bibi yake aliyekuwa haogopi simba alikuwa akifunga mifuniko ya mapipa. Tahir akasema ni dakika moja tu. Basi akapiga magoti, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kahawia ikazimika papo hapo, buluu ikarudi, pampu ikaendelea kunguruma kama kawaida yake.

Alipoutoa mkono, ulikuwa mkavu.

Wote wawili waliutazama. Hata mkono wa gauni haukuwa na tone. Rahila akacheka, akasema labda maji yenyewe yamemwogopa, na Tahir akacheka kwa kuwa mkewe alikuwa akicheka.

Jumatatu usiku walikuwa wamekaa mkekani wanakula, wali na mchuzi wa pweza, Rahila anasimulia kisa cha mgeni aliyeliosha kanzu lake kwenye sinki la kupigia mswaki. Katikati ya maneno akageuza kichwa upande wa mlango.

"Naam?" aliitika.

Hakuna aliyemwita. Tahir alimwambia hivyo. Rahila akaendelea na kisa chake, lakini baada ya tonge mbili akageuka tena, "Naam," mara hii kwa sauti ya chini na ya adabu, kama mtu anayemwitikia mkubwa wake. Ikawa hivyo mpaka wakalala.

Kuanzia hapo Rahila hakula. Maji alikunywa, tena mengi. Akiulizwa jambo hujibu nusu. Jumanne jioni Tahir alirudi akakuta mlango wazi, kanga ya Rahila imeanguka kizingitini na viatu vyake viko palepale. Hakuuliza jirani. Alipanda pikipiki yake akaishika njia ya Mbweni, na njia nzima alikuwa akijiambia kuwa hatamkuta kule, hawezi kumkuta kule, mtu hatembei peku kutoka Jang'ombe mpaka Mbweni kwa sababu ya taa iliyoharibika, na huku mkono wake unazidi kukaza gesi, na moyo unamwambia yule yuko huko tangu saa nzima, na pengine hayuko tena juu ya maji.

Alimkuta. Alikuwa amesimama bwawani, maji yamemfika kiunoni, na nguo zake zote. Taa zilikuwa zimezimwa. Tahir mwenyewe alikuwa amevuta swichi kuu asubuhi ile. Lakini maji yaliyomzunguka Rahila yalikuwa na mwanga, duara la kahawia kubwa kama mkeka, na kila alipovuta pumzi duara lile lilipanuka, na alipotoa pumzi likarudi. Pampu haikuwa ikifanya kazi, na bado palikuwa na sauti, mngurumo mdogo wa chini kwa chini uliokuwa ukipita kwenye vigae, ukapanda kwenye nyayo za Tahir, ukamfika magotini, akawa hajui kama anatetemeka yeye au inatetemeka nyumba. Alimtoa kwa kumkumbatia. Nguo zake zilikuwa kavu.

Bi Shahida ndiye aliyemtaja Bi Sichana. Huyo alikuwa mkunga mstaafu, jirani wa Tahir na Rahila pale pale Jang'ombe, mwanamke mfupi wa miwani mizito, ambaye watu wengi wanamjua kwa kuzalisha na wachache kwa kupunga majini. Tahir alimwamkia shikamoo huku analia, yeye akaitika marahaba bila kuinua macho, anatafuta mkasi kwenye mkoba.

Alifanya kazi yake Jumatano pale kando ya bwawa, maana alisema mgonjwa haaguliwi mbali na mlango ulioingilia ugonjwa. Akafukiza ubani na udi, akatandaza vitambaa vinne: chekundu, cheusi, cha kijani na cheupe. Kila jini ana kitambaa chake, alieleza, na usimpe asichokitaka. Rahila aliyekuwa amelala kama gogo akanyoosha mkono, akavipita vitatu, akakivuta cheupe mpaka kifuani.

Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ila ilikuja kwa taratibu, kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi.

"Nilikuwa kwangu gizani, nimetulia. Mkaja na rangi zenu. Nyekundu, sijalala, kijani. Kijani, sijageuka, zambarau. Sina usiku, sina mchana. Nimechoka."

Bi Sichana akamuuliza anataka nini ili aondoke juu ya kiti chake, maana ndivyo wanavyomwita mtu aliyepandwa.

"Nyeupe. Moja, safi, haikuchanganywa na kitu. Itoke humu humu majini nione njia, nende zangu. Kesho Alkhamisi, adhana ya magharibi ikisha. Nikikosa, nnakwenda naye."

Sasa tazama mtihani. Taa zenye kijitaa cha nne, kile cheupe hasa, zipo. Tahir alishawahi kuzifunga Nungwi. Alipiga simu Dar usiku ule ule, kwa muuzaji wake, akaambiwa zimekwisha, mzigo mwingine unaingia Jumamosi. Bulbu ya nyumbani haitiwi majini, ni mauti. Alikaa na simu mkononi hadi alfajiri. Angeweza kumwendea Bi Sichana, nyumba ya tatu tu kutoka kwake, akamwambia mama, hali ni hii. Hakwenda. Aliogopa kuambiwa basi tena, na akaona afadhali asiulize.

Na tena, yeye ni fundi wa mabwawa. Wateja wangapi walitaka nyeupe, akawabonyezea kitufe cha nyeupe, vijitaa vitatu vikawaka pamoja kwa nguvu zote, nao wakapiga makofi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia hii si nyeupe. Wanaojua ni mafundi.

Alkhamisi adhana ilipokwisha, Tahir alibonyeza. Bwawa likajaa weupe, weupe wenye ubuluu kidogo kwa mbali, na Bi Sichana akavua miwani akaifuta, akaivaa tena.

"Hiyo ni nyeupe, Tahir?"

"Nyeupe, Bi Sichana."

Rahila, amefungwa kitambaa chake, akateremka ngazi za bwawa pole pole. Mara ya kwanza katika siku nne uso wake ulikuwa na utulivu, na Tahir alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Akatembea mpaka mbele ya taa ya pili, akaipa mgongo, na kivuli chake kikaanguka ukuta wa pili wa bwawa. Hapo ndipo weupe ulipoumbuka, kwa sababu taa ya mchanganyo ukiizuia kwa kitu, kila rangi hukwenda njia yake. Kivuli cha Rahila kikachanika vitatu pale ukutani, kimoja chekundu, kimoja cha kijani, kimoja cha buluu, vinapishana mabega kama watu wanaogombea mlango, na Rahila amesimama kimya hata kope haichezi, lakini kile cha katikati kikageuza kichwa, taratibu, kikamtazama Tahir, na ile harufu ya mtungi mpya ikaja kwa nguvu hata ubani haukusikika tena, na maji yakaanza kupanda kwenye kingo ingawa hakuna aliyeyatikisa.

"Moja," ile sauti ilisema. "Nilisema moja."

Bi Sichana alimgeukia Tahir, na Tahir hakuwa na pa kuweka uso wake.

"Mwanangu, mbona hukun'ambia? Majini hupatana. Ungesema kweli ningekuombea siku tatu, nne, angekupa."

Tahir alipiga magoti akataka kusema kuwa Jumamosi taa zinakuja, asubiri, amsamehe. Sauti haikumpa nafasi. Haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Amenipa kinachofanana na cheupe. Nami namrudishia kinachofanana na mkewe."

Taa zote nne zikazimika. Zilipowaka tena zilikuwa buluu ya kawaida, maji yametulia, na Rahila alikuwa amekaa kwenye ngazi, amerowa chapachapa, anauliza kwa nini watu wote wanamwangalia.

Nyumba nzima ilishukuru. Bi Shahida alipika wali wa nazi, na Rahila akala sahani mbili. Aliwajua wote kwa majina. Alimjua Tahir, akamshika mkono njiani. Bi Sichana peke yake hakula. Aliaga mapema akasema miguu inamuuma.

Ijumaa Tahir alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, kwa makusudi, akampa. Rahila akanywa kikombe chote, akasema ahsante. Alipomwambia kuwa yeye mwenyewe atalala nje kwenye baraza akasema sawa mume wangu. Alipomwambia kwamba hataki tena afanye kazi, asitoke, asimwone mama yake, Rahila alitabasamu. "Kama unavyotaka," alisema. Chumba kilikuwa safi, nguo zimepigwa pasi, na Tahir alikwenda kukaa chooni akauma kanga ya Rahila ili majirani wasimsikie analia.

Jumapili mzigo ulivuka kutoka Dar, ukashuka bandarini. Hakuufungulia dukani. Alikwenda nao moja kwa moja Mbweni, akaing'oa taa ya pili, akafunga mpya, akakagua mpira wa kuzuia maji mara tatu. Jua lilipozama akabonyeza.

Wallahi, hakuwahi kuiona nyeupe namna ile. Haikuwa na ubuluu wala ukijani. Kila kigae kilionekana, kila mstari wa saruji, mpaka chini kabisa kwenye tundu la kutolea maji. Na pale, upande wa pili wa ukuta, kana kwamba ukuta ule wa vigae ulikuwa kioo na nyuma yake kuna chumba, alikuwako Rahila amechuchumaa, ameweka mkono wa hina juu ya macho kujikinga na mwanga. Alimwona. Midomo yake ikaanza kwenda mbio mbio, bila sauti, na Tahir ambaye ameishi na mdomo ule miaka sita akajua mara moja kuwa anagombezwa: umechelewa, fundi gani wewe, umechelewa.

Simu ikalia mfukoni. Juu yake limeandikwa jina la Rahila.

"Nshapika," sauti ilisema, laini, haina haraka. "Nakungoja. Unakuja?"

Tahir alikuwa tayari ameshavua kiatu kimoja, maji yanamgusa vidole.

"Nnakuja," alijibu, na mwenyewe hakujua anamjibu yupi.