Kaburi Lililohamishwa Kulamawe

Jumanne, saa moja asubuhi, Hawo alikwenda kumsomea mumewe dua akakuta kaburi halipo. Mahali pake palikuwa pamefagiwa kwa matawi ya miiba, tambarare. Mawe yote yalikuwa ng'ambo ya ua, nje ya ploti yake, kando ya barabara, yamepangwa kama kaburi jipya. Alikaa chini palepale, maana kesho yake mahakama ilikuwa inakuja Kulamawe kuliona.

Bila kaburi hilo, Hawo hakuwa na pa kulala. Kirigia, mfanyabiashara wa miraa, alidai kwamba marehemu mumewe, Golicha, alimuuzia ploti ile miezi miwili kabla ya kufa. Hawo alimjibu kortini kwa swali moja: nani huzikwa kwenye ardhi aliyokwisha kuiuza?

Saa tatu Koplo Kinanu wa polisi alifika, na watu wakatazamana. Mmeru kumpeleleza Kirigia, Mmeru mwenzake? Basi, kesi imekwisha. Kinanu aliyaona macho yao na yakamuuma, lakini alitoa simu akaanza kupiga picha. Ua ulitoka kaskazini kwenda kusini. Kaburi la uongo halikuufuata; lililala mashariki kwa magharibi, jiwe la kichwani likiwa mashariki. Akaandika hayo, kisha akamfuata Kirigia dukani.

"Mzee, Muislamu akizikwa, kichwa kinaelekea wapi?"

"Mimi nitajuaje? Sisi tunaweka msalaba kichwani, basi."

"Golicha alikuuzia kwa mkono wake?"

"Alikuwa mgonjwa sana, sikumwona. Karatasi yenye alama ya dole gumba lake aliniletea ndugu yake, Isacko. Kwani kuna shida?"

Saa kumi, Isacko alikuwa kwa Hawo, shemeji yake, akimpa pole.

"Salaam aleikum, mzee," Kinanu alisema.

"Aleikum salaam. Mmemshika Kirigia?"

"Kirigia hajui kibla iko wapi. Aliyehamisha mawe anajua. Kaburi tupu, kazi ya wizi, na bado alilipanga kama mtu atalazwa ndani, ubavu wa kulia, uso kaskazini, kwenye kibla. Nionyeshe viganja."

Isacko alivificha chini ya kikoi. Kinanu alingoja. Vilipotoka, vilikuwa vimechanwa na miiba.

"Lile dole gumba je?"

"Ni lake," Isacko alisema polepole. "Nilimshika mkono akiwa amezirai. Pesa za Kirigia nikala. Hawo akishinda, mimi ni jela."

Isacko alimtazama koplo.

"Nilianza kuyapanga kwa kufuata ua, koplo, nimalize haraka. Mikono ikakataa. Ni ndugu yangu yule." Akamgeukia mjane. "Shemeji, niache niyarudishe mawe kabla hawajanichukua."

Hawo alisimama, akajifunga shuka kiunoni.

"Wewe ulimshusha kaburini. Nionyeshe tu kichwa chake kilipo," alisema. "Mawe nitabeba mwenyewe."

Alibeba hadi jua likazama. Mahakama ilipofika kesho yake saa nne, alikuwa amebakisha jiwe la kichwani tu.