Mwenye Dari

Siku ya tatu, ndoo ilikutwa kavu.

Kiyoyozi cha chumba cha seva za hospitali kilikuwa kimekufa, vikaletwa viwili vidogo vya magurudumu. Vile hutema maji kwenye ndoo, na joto hulitoa kwa bomba nene la nyuma, ambalo lazima lifike nje. Chumba hakikuwa na dirisha.

"Toeni ubao mmoja wa dari, bomba lisukumeni humo," mkuu wa kitengo alisema. "Nani atajua?"

Mama Pacha, mtunza seva, akalisukuma. Hakuwa na nafasi ya kubishana. Juu ya dari hiyo kulikuwa na wodi, na wodini alilala mdogo wake, aliyepasuliwa juzi, akitiwa dawa na pampu inayoongozwa na seva hizohizo. Zikichemka, zinazimika.

Saa nne asubuhi ya siku hiyo ya tatu kipimajoto kilisoma thelathini na nne. Akaongeza baridi. Bomba likanywea kama kifua cha mtu anayeshusha pumzi, kisha hewa ikarudi chini, ya moto, yenye harufu ya nywele zilizoungua, na nyuma yake zikaja kucha zikikwaruza mbao polepole, kutoka kona ya mlango, juu ya seva ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka juu ya kichwa chake, zikatulia hapo.

Akampigia simu fundi wa viyoyozi. Mzee alifika, akaiona ndoo kavu, akatazama juu, akashusha sauti.

"Bomba mmelipeleka darini? Akili mmeziacha nyumbani?"

"Labda ni panya, baba," Mama Pacha alinong'ona.

"Panya hamalizi ndoo nzima, mama. Mmempulizia mwenye dari moto siku tatu. Ana kiu."

Akavua viatu, akasoma dua, akaomba radhi kwa upole kama mgeni aliyekosea mlango. Kisha akalichomoa bomba, akatoboa ukuta, akalitoa nje. Kufika saa nane kipimajoto kilisoma ishirini na mbili. Seva zilinguruma vizuri.

"Ameondoka?"

"Hapa, ndiyo," fundi alisema, akikusanya vyombo vyake upesi.

Simu ya Mama Pacha ikaita. Alikuwa mdogo wake, akinong'ona.

"Dada, dawa inaingia sawa. Ila mwite muuguzi. Sakafu inachoma, na kuna mtu chini ya kitanda changu. Anahema. Anataka maji."